Itoka za Kwa Nduta

Kosa langu la kwanza katika upimaji wa ardhi lilikuwa usafi. Siku niliyoanza kazi, Soroveya alinipa panga nisafishe laini, yaani nifyeke vichaka ili mashine yake ione kutoka bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, hadi nyingine. Kazi hiyo nilikuwa nimejifunza kwa video za simu. Sina cheti, na niliogopa kuonekana mjinga, kwa hivyo nilifyeka mpaka udongo ukabaki mtupu. Pembeni palikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu na maua meupe. Ulinikera kwa kupinda. Nikaufyeka pia.

Tulikuwa Theta, kwenye shamba la kahawa lililokuwa likigawanywa ploti. Ukungu ulilala juu ya mibuni, sauti za watu zikifika kabla yao. Kando ya mto kulikuwa na kijiji ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote. Wenyewe walikiita Kwa Nduta, jina la mama aliyewauzia uji wachumaji wa kahawa. Walijenga karibu na uji, na mwenye shamba wa zamani akawaachia hapo kwa mdomo tu.

Binti wa Nduta, sasa bibi kizee, cucu kama tunavyoita, akatokea kwenye ukungu.

"Kamwana, nani amekutuma ukate mpaka wetu?"

"Nimekata maua tu, cucu."

"Maua ni ya harusi. Hii ni itoka, mmea wa mpaka. Mama aliipanda, mwenye shamba mwenyewe akimwonyesha pa kupita. Wewe ni wa wapi?"

"Githurai 45."

"Ndiyo maana. Huko mpaka wenu ni ukuta wa landilodi."

Wanaume waliokuwa nyuma yake wakacheka.

Soroveya alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, mimi hupima ninachokiona. Kama mpaka hauonekani, laini inanyooka kutoka barabarani hadi mtoni."

Laini iliyonyooka ingepita ndani ya nyumba ya cucu na kanisa lao la mabati.

Cucu alichutama, akagusa udongo. "Umekata majani, mizizi hukung'oa. Chimba, lakini polepole."

Nikachimba kwa mikono. Vitunguu vya itoka, mizizi yake minene, vilikuwa pale chini, vyeupe na baridi, vikubwa kama ngumi. Penye kila kimoja nilichomeka kigingi. Jua lilipotoboa ukungu, vigingi vilikuwa vimekizunguka kijiji kama watu walioshikana mikono usingizini.

Ajenti wa mwenye shamba mpya akaja, amevaa suti na gambuti. Akainama kuvitazama vitunguu.

"Nani ameikata?"

"Ni mimi."

"Kwetu Gatundu ungetoa mbuzi wa faini." Akamgeukia Soroveya. "Fuata itoka."

Siku hizi nimeweka panga chini. Mgongo ulikataa, na wenzangu hunitania kwamba nimestaafu kabla ya kuoa. Juzi nilirudi Theta. Mibuni haipo, nyumba za kupangisha zimejaa, ingawa nilipofumba macho nilidhani nanusa kahawa. Itoka zimechanua tena, zimepinda vilevile, na hazinikeri.

Kwa Nduta bado haina hati. Lakini kwenye ramani ya zile ploti, jina lake sasa limeandikwa.