Kompyuta Iliyoitwa Kogo

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani katika kiwanda cha majani chai upande wa Kimulot. Kompyuta ilikuwa moja, ya mhasibu. Ilipoletwa ya pili, ya sekretari wetu, meneja alinituma niziunganishe ili zitumie printa moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesomea kompyuta Kericho mjini.

Sekretari alikuwa mama wa makamo, amezoea taipureta. Mashine mpya aliifunika kitambaa, wala hakuigusa.

Nilivuta waya, nikaipa kila kompyuta namba yake. Nilipoziwasha, ya sekretari ikakataa kuingia kwenye mtandao: jina lake lilikuwa linatumika tayari. Kumbe zote mbili zilitoka dukani na jina moja. Mhasibu alisema yake iitwe Kiptere, alikojenga. Nikamgeukia sekretari, nikamwambia ya kwake pia ibadilishwe.

Akanieleza kwamba kwao mtoto mchanga hapewi jina hivi hivi. Akina mama humzunguka wakitaja majina ya wazee waliotangulia, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake.

“Jaribu Kogo,” akasema. Kogo ni nyanya, kwa Kikipsigis.

Nilimwachia kiti. Akaondoa kitambaa, akatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja cha mikono ile ile iliyokuwa ikikimbia kwenye taipureta. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha tena. Ikalia mara moja: pii.

“Imepiga chafya,” akasema kwa utulivu.

Kompyuta zile zililia hivyo kila zilipowashwa, lakini sikumwambia. Mhasibu aliinama kwenye skrini yake, akatuita tuone: Kiptere na Kogo, majina mawili yamekaa sambamba. Sekretari aliandika mstari mmoja wa kuwasalimu wakulima, akautuma. Printa iliyokuwa kando ya mhasibu ikautoa. Alivuka chumba akaichukua karatasi mwenyewe, akaisoma akiwa amesimama, akatabasamu.

Wiki chache baadaye taipureta ilipelekwa stoo, kwa ombi lake. Mvua ya alasiri ilipopiga mabati hatukusikizana, kila mtu alifanya yake kimya. Nilipenda saa hizo: harufu ya chai ikikaushwa, chupa ya sekretari yenye mursik, maziwa ya mgando, mezani, naye anaandika kwa vidole vyote kumi.