Kidole Kikavu Kwenye Hori

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote za uzee wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunirudia. Pampu ya kisima chetu hapa Kyuso ilikuwa imenyamaza. Hori la kunyweshea mifugo lilikuwa tupu, tope la chini limekauka na kupasuka. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo tuliyezoea kumwona kila siku ya soko, alikuwa amesimama kando na kundi lake, akitazama mbuzi wakilamba saruji.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kisima hicho. Wakati wa korona, watu walipofanyia kazi nyumbani, jambo hilo lingekuwa dogo. Ningempigia simu Mumo, fundi wa mradi wa maji, binti anayeishi hapa karibu na soko. Angeepua sufuria, apande pikipiki, aje. Siku hiyo nilipompigia alijibu kwa kunong'ona, akiniita susu, yaani bibi kwa Kikamba.

"Susu, nisamehe. Niko ofisini. Tumekatazwa kutoka bila ruhusa."

"Huko ofisini unatengeneza pampu gani?"

Akazidi kushusha sauti. "Njoo mwenyewe. Labda wakikuona watasikia."

Nikasafiri mpaka mjini, kwenye ofisi ya mradi. Mkubwa wao ni Mwikali, mtoto wa kaka yangu, niliyembeba kwa mgongo huu unaoniuma sasa. Ni yeye aliyeamuru wote warudi ofisini, maana aliamini nyumbani watu walikuwa wakilala. Sitamnyima haki yake. Wengine walilala kweli. Musyoka, kijana wa kupokea malalamiko, alikuwa akizima simu mpaka jua limefika utosini. Basi Mwikali akafunga mashine mlangoni. Ukifika unaweka kidole, inalia, umehesabiwa.

Nilikuta ofisi imejaa, kila meza na mtu wake, kila mtu na vitu masikioni, akiongea na kompyuta. Nikaketi kwenye benchi la nje na wazee wengine wenye visima vyao. Jua likatoka miguuni mwetu likapanda ukuta. Mwishowe nikaingia, nikasimama mbele ya Musyoka.

"Kijana, unaongea na nani?"

Akachomoa kile cha sikio moja. "Tuko kwenye mkutano, susu. Ngoja kidogo."

"Mkutano na watu wa wapi?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Na hawa."

"Hawa mlioketi nao hapa?"

"Ndio. Tulizoea hivyo tukiwa nyumbani. Kila mtu na kompyuta yake."

"Na mnajadili nini?"

Hapo akapunguza sauti. "Vile kazi imepungua tangu turudi ofisini."

Nyuma kabisa nikamwona Mumo akificha uso kwa mikono, sijui ni kicheko au ni aibu. Mimi sikucheka. Niliwaona tena akilini wale mbuzi, ndimi zao kwenye saruji, nikaingia kwa Mwikali bila kubisha.

"Shangazi, karibu," akasema, na kabla sijaketi akanigeuzia kompyuta yake anionyeshe. "Umeona? Leo hakuna hata mmoja aliyekosa."

"Nimewaona wote. Pampu imekufa. Nipe Mumo."

"Baada ya mkutano, shangazi."

Baada ya mkutano kukawa na chakula. Baada ya chakula ikabidi litafutwe gari, na dereva naye alikuwa ameweka kidole na kuketi kwenye mkutano mwingine. Nikarudi Kyuso peke yangu.

Mzee Abdi hakuwepo. Kando ya hori alilala mbuzi jike mmoja, amekufa, na mtoto wake akinyonya chuchu iliyopoa. Abdi alikuwa amemwachia mwenye duka ujumbe: hana ugomvi na mtu, ila mifugo yake sasa itapita njia nyingine. Kwa soko kama letu, mwanangu, mnunuzi wa namna hiyo akiondoka, watoto wa nyumba nyingi hurudishwa kutoka shule kwa kukosa karo.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipomkumbuka Syomiti. Nilikuwa msichana, naye alikuwa kiongozi wa mwethya wetu, lile kundi la kuchimbiana mitaro ya shamba kwa zamu ili mvua isibebe udongo. Karani wa chifu alikuja kila asubuhi kuita majina, akaondoka ameridhika. Tuliimba vizuri, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Siku moja akatusifu mbele ya Syomiti kwamba hakuna kundi linalohudhuria kama sisi.

Syomiti aliweka jembe chini. Alichukua mtungi wetu wa maji ya kunywa, kiangazi kile, akaumimina wote mtaroni. Tukayatazama maji yakikimbia, yakafika mahali palipochimbwa juujuu, yakaruka ukingo, yakaishia korongoni. Midomo ilikuwa imetukauka.

"Umetuhesabu vizuri," akamwambia karani. "Asubuhi usijisumbue tena. Njoo jioni, ushuke mtaroni kwa miguu yako."

Kesho yake Mwikali alikuja Kyuso na Mumo. Mumo aliinamia pampu, na mimi nikabaki na mtoto wa kaka yangu. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Shangazi, nikiwaacha nyumbani wanalala. Nikiwaleta ofisini wanaketi. Nitajuaje nani anafanya kazi?"

Hasira haikuwa imenitoka. Nilimshika mkono, nikakivuta kidole kile anachoweka kwenye mashine kila asubuhi, nikakigandamiza ndani ya hori, chini kabisa. Kilitoka na vumbi.

"Utajua hapa," nikamwambia, nikamsimulia habari za Syomiti. Hatukuondoka mpaka bomba likakohoa na maji yakaja.

Siku hizi Mumo yuko Kyuso, pikipiki mlangoni. Musyoka yuko ofisini, mlango wazi, simu mezani, na ikilia bila kujibiwa Mwikali huisikia. Kila mmoja amewekwa pale ambapo kazi yake inaonekana. Lakini Abdi hajarudi, nami siwezi kukuambia kwamba nimepoa.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Ukipewa watu wa kuongoza, usidanganywe na macho kwa kuona viti vimejaa. Inuka uende kwa yule anayengoja kazi yenu, umuulize amepata nini. Na ukiwa mfanyakazi, nyumbani au ofisini, usifikiri kufika ni kufanya. Kuna mtu mwenye kiu mwisho wa bomba lako, hata kama humwoni.

Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi ambayo hutaona haya kumwonyesha mtu. Na siku Mzee Abdi atakapopita tena njia yetu, nikiwepo au nisipokuwepo, akukute na hori limejaa.