Wategemezi Wasiozidi Wanne

Isidori Kinunda alikuwa mtu wa kupenda sheria. Wapo wanaopenda pombe ya ulanzi, wapo wanaopenda mpira. Yeye alipenda sheria, hasa zile zilizopita Bungeni. Alikuwa na redio ndogo aliyokwenda nayo mpaka shambani, akaitundika kwenye mti wa kahawa na kupogolea huku akiwasikiliza wabunge wakiitana waheshimiwa. Wiki ulipojadiliwa muswada wa bima ya afya kwa wote, mkewe Bonifasia alipanda mahindi peke yake kwenye ngoro, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua mlimani. Mumewe alikuwa shambani pia, lakini mkono mmoja ulishika redio na wa pili ulikuwa na kazi ya kutikisa kidole.

Alikuwa na sababu, tusimwonee. Mdogo wake, Evarist, alikufa kwa ugonjwa ambao daktari alisema ungetibika kama angewahi. Hakuwahi, kwa kuwa alingoja kwanza msimu wa kahawa ufike. Aliacha mabinti wawili, Devotha na Beatha, na mama yao alikuwa ametangulia. Isidori akawachukua, wakala na kulala pamoja na wanawe, Flavia na Alex. Chumba cha nyuma alikaa mama yake, Bibi Gaudiosa, mwenye presha na maneno mengi. Ndiyo maana sheria ilipopita Isidori alizunguka kijiji kizima akiitangaza, utadhani ameipigia kura yeye.

Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji alisoma maelezo: mchangiaji, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Jirani mmoja, Nicholaus, ambaye watoto wake hata yeye huwachanganya majina, akanyoosha mkono.

"Sasa mtendaji, huyo wa tano nimpeleke wapi? Nimrudishe alikotoka?"

Watu wakacheka. Isidori, mjumbe wa kamati, hakumngoja mtendaji. Akasimama.

"Nicholaus, sheria ni msumeno. Hukata mbele na nyuma. Bunge limeshapanga la kwake, nawe kapange nyumba yako."

Akapigiwa makofi. Alikaa chini akiwa ameridhika kabisa na nafsi yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku ile nguruwe alikuwa Nicholaus.

Mtu atauliza: mzee mzima, hakujua nyumbani kwake wako wangapi? Hapo ndipo mambo ya Wamatengo, kabila lake, yanapoingia. Isidori ndiye aliyekuwa mkubwa wa sengu ya ukoo wao. Sengu ni ule utaratibu wa zamani wa ndugu kukutana kwa mkubwa wao, kila nyumba ikaja na chakula chake, wakala pamoja na kusemana. Wengi wameuacha, lakini kwa akina Kinunda bado kila Jumapili baada ya misa watu hujaa uani. Na kwenye sengu yao kulikuwa na miiko, na mmoja ulikuwa huu: walaji hawahesabiwi. Anayehesabu walaji ana mpango wa kumfukuza mmoja. Isidori alikua akichapwa kwa kosa hilo, na mpaka amefika miaka hamsini na mbili alikuwa hajawahi kukaa akahesabu wanaomtegemea.

Mwiko mwingine ulimponza zaidi. Mwezi wa tano alikuja afisa ustawi wa jamii, akiandika watu ambao watalipiwa bima kwa kukosa uwezo, na yatima wakiwamo. Alifika siku ya sengu, akasema ameambiwa na watu huko njiani kwamba hapa kuna wawili.

"Nani kakwambia?" Isidori alifoka, tonge mkononi. "Hapa hakuna yatima. Mtoto anayekula sengu hii ana baba. Tena akitaka wawili, anao."

Afisa akaomba radhi, akanawa, akala, akaondoka. Ndugu walimsifu sana Isidori siku ile, na Beatha alikwenda kukaa miguuni pake.

Orodha ile ilifungwa mwezi wa sita.

Mwezi wa saba waandikishaji walipofika ofisi ya kijiji, Isidori alikuwa wa kwanza kupanga foleni. Aliyekuwa na kishikwambi ni Dorah, binti mtumishi aliyeletwa kutoka Singida, mpole, aliyevaa masweta mawili kwa ajili ya baridi ya milima ya Litembo. Isidori akaanza kutaja: mama yake, Devotha, Flavia, Alex.

"Hao wanne, baba. Imejaa," Dorah alisema.

"Imejaaje? Beatha bado. Huyo ndiye mwenye pumu. Sweta kama hilo ulilovaa yeye analala nalo."

"Basi badilisha mmoja. Wanaozidi utaratibu wao haujashuka."

"Utashuka lini?"

"Sijui, baba. Ukishuka tutatangaza."

Isidori alisimama pale akihesabu kwa vidole, mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kwa kidole gumba na akaishia kidole cha mwisho. Akamwambia Dorah asubiri kwanza. Aliporudi nyumbani Bonifasia alimwuliza kama wameandikwa, akajibu mtandao ulisumbua.

Akakumbuka kuna njia nyingine. Mdogo wake mwingine, Festo, alihamia ziwani Kihagara, analima mihogo na ana watoto watatu tu. Nafasi moja ingekuwa wazi. Isidori akapanda bodaboda mpaka Mbinga, akapanda gari la Mbamba Bay, akapanda bodaboda nyingine kando ya ziwa, joto likimtoa jasho ndani ya koti la milimani. Ziwa lilikuwa shwari na hakulitazama.

"Shikamoo, kaka," Festo alimpokea kwa mikono miwili.

Isidori alieleza. Festo alisikiliza akiinamisha kichwa chini zaidi kila neno lilipoongezeka.

"Kaka, nimemwandika mama mkwe. Yupo ndani hapo, miguu imevimba. Nimeandikisha wiki mbili zilizopita." Akamvutia kaka yake kiti. "Mbona hukunipigia? Mimi nilijua wewe mjumbe umeshamaliza yote."

Isidori alikula samaki aliowekewa bila kusikia ladha, akarudi kesho yake. Njia nzima alijaribu kumwondoa mtu mmoja kichwani mwake, na kila aliyemwondoa alirudi. Mama? Dawa za presha angezipata wapi? Beatha? Kila baridi ya mwezi wa sita anabebwa mgongoni kwenda hospitali. Wakabaki wazima watatu, naye akaona haya kwamba ameshaanza kuwapanga kama mahindi ya mbegu. Akimtoa Devotha, sengu nzima itasema amemtupa mtoto wa marehemu. Akimtoa Flavia au Alex, atamwangaliaje mama yao? Usiku hakulala, na mchana alizomea kuku.

Siku ya mwisho alikwenda na Bonifasia, maana alikuwa ameshamwambia ukweli. Devotha naye, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, alifuatana nao akibeba bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Foleni ilifika nje ya uzio. Nicholaus alikuwemo, na Isidori alijiandaa kusikia maneno yake mwenyewe yakirudishwa. Nicholaus akamsalimu vizuri na kumpisha mbele. Hilo lilimuuma kuliko kejeli.

"Mkuu wa kaya?" Dorah akauliza.

"Hapo paache. Mimi usiniandike, nafasi yangu mpe mtoto."

Dorah akatabasamu, kisha akaona hataniwi. "Baba, haiwezekani. Ukitoka wewe, kaya yote haipo."

"Basi nitoe mimi," Bonifasia alisema, na Isidori akageuka kumtazama. Hawakuwa wamepanga hivyo. "Nina afya mimi. Weka mtoto."

"Mama, hiyo ni nafasi ya mwenza. Haiingii mtoto." Dorah alionekana kutaka kulia. "Ningeweza ningewasaidia. Kishikwambi kinakataa chenyewe."

"Kwa hiyo sisi tunaotaka kutoka hatutoki," Bonifasia alisema taratibu, "na wasiotaka ndio wanatolewa."

Watu wa nyuma walikohoa, si kwa kuharakisha, kwa aibu tu.

"Andika Gaudiosa, mama yangu mzazi," Isidori alisema. "Andika Beatha. Andika Flavia." Kisha akakwama. Wamebaki wawili, na mmoja alikuwa amesimama pembeni yake na bahasha mkononi.

"Dada, andika Alex," Devotha alisema.

"Devotha, nyamaza," Isidori alimwambia.

"Mimi siumwi, baba mkubwa."

Tangu siku walipomzika Evarist, Devotha alikuwa akimwita Isidori baba, bila mkubwa wala mdogo. Miaka minne. Hakuna aliyemfundisha, alianza mwenyewe. Na sasa jina hilo ameliondoa mwenyewe, kwa heshima zote, mbele ya foleni nzima, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima ikiwa imeoshwa.

Bonifasia alifunika uso kwa kanga. Isidori alitaka kusema hapana, na mdomo ule usiokosa neno ulikosa. Kilichomjia kwanza hakikuwa uchungu. Ilikuwa nafuu. Alijisikia ametuliwa mzigo, akajua ametuliwa na nani, akajichukia papo hapo.

Devotha alichagua kwenye bahasha. Akakitoa cheti cha Alex, akakinyoosha mezani, na cha kwake akakirudisha ndani.

"Niandike?" Dorah aliuliza, akimtazama Isidori.

"Andika," Isidori alisema.