Aliyepima Dirisha Badala ya Samaki

Mhariri kanishikilia nisimulie kisa hiki, kana kwamba kina raha. Haya.

Miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, nilikuwa kwa fundi vioo Kariakoo nikitafuta chemni ya taa. Akaingia muuza khanga na mkewe, mtu wa Mafia, aliyebeba ndoo ya maji ya bahari. Ndani mna kitoto cha samaki chewa, zawadi kutoka kwao.

Mume akanyoosha kamba aliyopimia dirisha la duka lake. "Nitengenezee tangi la kioo lienee dirishani. Rafu tupu, angalau samaki avute wateja."

"Chewa hukua, bwana," mkewe akasema. "Atageukia wapi?"

"Ageuke ya nini? Watu wanamtaka uso."

Nikamwambia, "Mwanangu, pima samaki, si dirisha."

"Bibi, wewe umefuata chemni."

Chewa akakua hadi pua ikagusa kioo hiki, mkia kile. Akafa amejikunja. Mke hakupiga kelele. Alisema tu, "Mji huu wote, huyu ndiye aliyekuwa wa kwetu," akafunga mzigo, akarudi Mafia.

Mume alipomfuata, wakwe wakamjibu, "Ukimtaka, kaa huku." Akafunga duka, akahamia ukweni, akapewa kijichumba cha uani kisicho na pa kugeukia.