Mtulinga wa Upande wa Kulia

Likizo iliyopita, mtu niliyezungumza naye zaidi kuliko wote hajui kwamba nipo. Ni profesa wa anatomia katika mji wa Afrika Magharibi ambao sijawahi kufika. Alifundisha ndani ya simu yangu, katika masomo yaliyorekodiwa akiwa darasani, nami nikamjibu kwa sauti.

Nilikuwa nimeanguka mtihani wa anatomia. Ilibaki sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio, mwishoni mwa likizo. Nikianguka tena, ningerudia mwaka wa kwanza mzima. Wenzangu waliofaulu walikwenda kwao mikoani. Chumba cha mifupa cha kitivo kilifungwa. Nilibaki mtaani Carama, katika chumba cha uani nilichopanga kwa mama mmoja mjane, na kwa kuwa mafuta ya magari yalikosekana, hakuna aliyekuja kunitembelea. Nilitembea hadi Asiatique, mtaa wa maduka, muuza simu mmoja akaninakilia masomo yote kwenye kadi. Alipoona picha ya kwanza, mifupa imepangwa mezani, alisema, "Bismillahi," kisha akaendelea na kazi yake.

Profesa ni mtu mfupi, mifuko ya koti lake jeupe imejaa chaki. Kamera haikuwahi kumwacha, kwa hiyo wanafunzi wake sikuwaona; nilisikia vikohozi na viti tu. Alikuwa na desturi moja: akishika mfupa, hakukubali utajwe jina kwanza. "Mrudishieni mwenyewe," alisema, akauweka juu ya mwili wake, pale unapokaa kwa mtu aliye hai. Halafu aliuliza swali na kunyamaza. Walimu wetu hawanyamazi hivyo. Alitazama mbele, yaani alinitazama mimi, na katika kimya hicho nilijibu. Mara nyingine alisema, "Vizuri," nikafurahi, mpaka niliposikia sauti ya mwanafunzi wake akishukuru.

Mfupa sikuwa nao. Nilishika kijiko cha mti, nikakiweka alipouweka yeye.

"We, uko na mugeni?" mama mwenye nyumba aliniuliza asubuhi moja, akiwa dirishani.

"Apana, mama. Niko nasoma."

"Na ule mwanaume mwenye anaongea?"

"Ni mwalimu. Iko mu simu."

"Basi umuulize kama atakula. Na kijiko yangu unirudishie, niko napika."

Siku umeme ulipokatika na simu ikazima, alipita tena. "Leo hamuongei? Mumegombana?" Tulicheka wote wawili, kisha akaenda sokoni, na uani kukawa kimya mpaka jioni.

Siku ya mtihani, mwalimu wetu alinipa mtulinga, mfupa mwembamba unaolala kati ya shingo na bega. Ulikuwa mwepesi kuliko kijiko. Sikuutaja. Niliupeleka begani, pale mkono wangu ulipozoea.

"Ni wa upande gani?"

"Wa kulia," nikajibu.

"Binti, bega lako la kulia liko wapi?"

Mfupa ulikuwa juu ya bega langu la kushoto. Likizo nzima nilikuwa nimemfuata profesa kama mtu anavyofuata kioo: yeye kulia kwake, mimi kushoto kwangu, huku nikitamka neno lake. Lakini vidole vilihisi jambo ambalo kijiko hakikuweza kunionyesha. Mpindo wa mfupa, karibu na shingo, ulielekea nyuma badala ya mbele. Niliuhamishia bega la pili. Ukalala.

"Wa kulia," nikasema tena.

Mwalimu alitazama bega langu. Nilingoja lile neno, "vizuri". Alichukua mfupa, akaandika alama ambayo sikuweza kuiona, akamwita mwingine.

Nilirudi Carama nikafungua tena somo la mtulinga. Mwanzoni kabisa, kabla ya swali, profesa anawageuzia wanafunzi mgongo, mfupa ukiwa begani. "Nikisimama hivi," anasema, "kulia kwangu ni kulia kwenu. Wekeni mikono yenu." Anasubiri, kisha anawageukia. Sehemu hiyo nilikuwa nikiisikia kila mara bila kuitazama, kwa sababu ndipo nilipoinama kutafuta kijiko.

Safari hii niliweka mkono begani, nikangoja pamoja nao.

Jibu langu lilikuwa sahihi mara zote mbili. Mahali nilipouweka mfupa, mara moja tu. Sijui mwalimu wetu alihesabu mara ipi. Matokeo bado hayajabandikwa.