Sahani ya Paka wa Uyole

Katikati ya miaka ya sabini nilihamishwa kikazi kutoka Uyole, pembeni mwa Mbeya, kwenda kufundisha kilimo Iringa mjini. Tulipanga nyumba mtaa wa Mlandege. Pamoja na vitanda, masufuria na vitabu vyangu, lori lilimbeba paka jike wa rangi ya majivu, ambaye mke wangu alikuwa amemlea tangu hajafumbua macho. Huko Uyole aliishi na kundi zima la paka waliolinda ghala la mbegu. Mlandege alijikuta peke yake, na akaacha kula.

Maziwa aliyageuzia kisogo. Hata dagaa wa Kyela, ambao zamani aliwaiba wakiwa bado wameanikwa juani, hakuwagusa. Kila alasiri alikaa kizingitini akilia kwa sauti nyembamba, na mbavu zake zikaanza kuonekana. Mke wangu hakunificha alichokiona: paka yule akiendelea hivyo, tungemzika uani.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Jirani wa ukuta mmoja, mama aliyeuza maandazi, alinihakikishia kwamba paka huililia nyumba, hamlilii paka mwenzake. Mumewe akaongeza kwamba paka wawili chini ya paa moja huwagombanisha wenye nyumba. Nikamwuliza amewaona wapi wenye nyumba hao.

"Mwalimu, hayo yanajulikana," akajibu.

Neno hilo limenikera maisha yangu yote. Yanajulikana na nani, na huyo aliyajulia wapi?

Jioni hiyo mke wangu aliweka mambo wazi. "Mletee mwenzake, au mpeleke kijijini Igowole kwa kaka yangu, akae na paka wa kule. Lakini uamue, baba. Wewe unachunguza, na yeye anakufa."

"Na nikimleta wa pili, naye akamfukuza wa kwanza?"

"Basi utakuwa umechunguza."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kumpeleka Igowole sikukubali: paka aliyeikataa nyumba moja ngeni, kwa hoja gani angeikubali ya pili? Nikaazimia kumleta mwenzake kwa majaribio, na kuitazama sahani badala ya kusikiliza midomo ya watu. Akila, mgeni atabaki. Asipokula, mgeni atarudi kwao, nami nitatafuta njia nyingine.

Shemeji yangu, mkulima wa huko Igowole, alifika kwa basi na paka dume mchanga, mweusi, ndani ya kikapu kilichoshonwa mdomo.

"Shemeji, nimemzungusha sana pale stendi," akaniambia, "asije akaikumbuka njia ya kurudi."

"Atoke Iringa hadi Igowole kwa miguu?"

"Nauli hana, shemeji, lakini miguu anayo minne."

Niliwaagiza wamfungie stoo mpaka nitoke kazini. Niliporudi adhuhuri, nilikuta jikoni kumetapakaa majivu kana kwamba moto umezimwa kwa mateke. Tenga la kuku lilikuwa limepinduka. Paka wetu alikuwa juu darini, kwenye mahindi, akinguruma. Mgeni alikuwa amejibana nyuma ya debe la maji. Shemeji alikuwa akijifunga kitambaa mkononi.

Kwao Igowole, kuku akipewa vifaranga wa kuku mwingine, wote hupakwa majivu na kufunikwa chini ya tenga moja. Harufu zao zikishachanganyika, kuku hawezi tena kuwabagua.

"Mmewafanyia kama kuku?" nikauliza.

"Kama kuku," mke wangu akakiri.

"Na hao ni kuku?"

"Kuku wangekuwa wamekwisha patana," akasema shemeji.

Sikucheka. Jirani alikwisha chungulia mlangoni na kusema, "Si niliwaambia?" Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba sitamrudisha mgeni kwa sababu ya kosa ambalo hakulifanya. Tenga nililitupa nje, lakini ile hoja ya harufu sikuweza kuitupa, maana ng'ombe na kondoo nao hutambuana kwa pua. Mgeni nikamfungia stoo. Gunia alilolalia nikampelekea paka wetu darini, na la paka wetu nikalipeleka stoo, nikayabadilisha hivyo kila nilipotoka kazini.

"Leo gunia la nani linakwenda kumtembelea nani?" mke wangu alinidhihaki. Sahani ya paka wetu niliiweka chini, mbele ya mlango wa stoo uliofungwa.

Hatimaye alishuka. Alinyatia mpaka mlangoni, akanusa uwazi wa chini, manyoya yakamsimama. Akafoka, akaupiga mlango kofi. Kisha, kama mtu aliyemaliza kazi iliyomleta, akaigeukia sahani akala dagaa wote na kuilamba. Kesho yake alifoka tena, akala tena. Nilipofungua mlango, alimzaba mgeni kofi moja. Mgeni akalala chali. Wakala, kila mmoja na sahani yake, bila kutazamana.

Hawakupata kulala pamoja, wala sikuona mmoja akimlamba mwenzake. Lakini mbavu za paka wetu zilipotea tena ndani ya nyama, na kizingitini hakulia tena.

Shemeji alirudi kutaka jibu.

"Atabaki," nikamwambia.

"Kwa hiyo wamependana?"

"Hapana."

"Sasa anabaki kwa nini?"

"Kwa sababu mwenzake anakula."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Alikosa wa kumgombeza tu, kaka. Hata mimi nilinenepa nilipoolewa na huyu."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimkabidhi kikapu chake kitupu, nikaziokota sahani mbili, nikaenda kuziosha.