Mume Wangu Hamalizi Kujenga

Mume wangu Kailemia mikono inamwasha. Ploti yetu hapa Makutano, Meru mjini, ilianza na chumba kimoja kwenye kona na uwanja mkubwa mbele. Mtoto akizaliwa, chumba. Mpangaji akiuliza, chumba. Vikazunguka pande zote, na pale katikati mama yake, aliyetoka Mikinduri baada ya kufiwa na mzee, akawa anaanika maharagwe, anaota jua na kupiga gumzo na wapangaji.

Kisha Kailemia akaanza kuangalia juu. Wee! Hata chai alikunywa amesimama. Akamwaga slabu ya zege juu ya vyumba vya nyuma, na ngazi akaishusha katikati ya uwanja. Jirani naye akainua ghorofa. Jua likaisha kabisa.

Mama akapunguza maneno. "Kathure," akaniambia siku moja, "narudi Mikinduri. Huku nimekuwa kama viazi vya stoo."

Arudi kwa nani? Nyumba ya huko imefungwa kufuli, na yeye ana presha. Nampenda yule mama, haki ya Mungu. Nikamfokea mume wangu: "Endelea tu! Utabaki kuishi na mawe yako!" Akacheka, akarudi kwa kamba yake ya kupimia.

Asubuhi iliyofuata nikakuta kitanda cha mama kimetandikwa, mwenyewe hayuko. Nikagonga kila mlango. Nikakimbia hadi steji ya magari ya Mikinduri, hakuna aliyemwona. Nikarudi, nikamkuta Kailemia langoni, jasho linamtoka, naye anamtafuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana la kupima.

Mtu akakohoa huko juu.

Tukapanda mbio. Mama alikuwa amepanda ngazi isiyo na kizuizi, na gunia lake la maharagwe, akayatandaza kwenye slabu. Alikuwa ameketi miguu imenyooka, uso kwa jua.

"Mama, shuka!" Kailemia akasema. "Utaanguka! Na hapa vyumba vinaanza Jumatatu."

"Jenga upande ule wa barabara. Huku ni kwangu."

"Lakini mama..."

"Na uniwekee ukuta, nisianguke."

Kailemia akanitazama nimtetee. Nikavua viatu, nikaketi kando ya mama, machozi yananitoka na kicheko pia.

Akazunguka slabu mara mbili. Kisha akatoa simu, akampigia fundi. "Mawe ya vyumba punguza nusu," akasema. "Lakini ya ukuta lete leo. Leo, umesikia? Mama yangu yuko huku juu."